Tajiri Ana Pesa, Klabu Haina Nafasi: Hesabu za Matumizi Katika Ligi Kuu ya England

Mwishoni mwa Juni 2024, Newcastle United ilimuuza kiungo Elliot Anderson kwa Nottingham Forest, kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 35. Anderson alizaliwa Whitley Bay, mji wa pwani ulio jirani kabisa na Newcastle, na aliingia kwenye akademi ya klabu hiyo akiwa mtoto mdogo. Saa hizohizo winga Yankuba Minteh alikuwa akipelekwa Brighton kwa takribani pauni milioni 30, kabla hata hajaichezea Newcastle mechi moja. Na mwenye sehemu kubwa ya klabu hiyo, tangu Oktoba 2021, ni Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, ambao ni miongoni mwa mifuko yenye fedha nyingi kuliko yote duniani.

Ndipo vijiweni watu wakauliza: inakuwaje klabu yenye tajiri wa namna hiyo imuuze mtoto wa nyumbani ili kujiokoa?

Ligi Kuu ya England haipimi utajiri wa mwenye klabu. Inapima hasara ya klabu yenyewe, kwenye vitabu vyake vya hesabu, kwa miaka mitatu mfululizo. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu kwenye dirisha la usajili yanaanza kueleweka.

Sheria hizi zimetokana na hofu mbili. Ya kwanza ni klabu kufa mwenye nayo akiondoka. Portsmouth ilibeba Kombe la FA mwaka 2008, na Februari 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kuwekwa chini ya msimamizi wa madeni. Ikakatwa pointi 9 na kushuka daraja. Ya pili ni tajiri mmoja kupandisha bei za soko zima mpaka wengine wakope ili wamfikie. Roman Abramovich alipoinunua Chelsea mwaka 2003, na Sheikh Mansour wa Abu Dhabi alipoichukua Manchester City mwaka 2008, hofu hiyo ilipata sura. Hata ya kwanza haikuwa ya timu ndogo peke yake: Abramovich alipowekewa vikwazo Machi 2022, Chelsea ilikuwa na deni la takribani pauni bilioni 1.5 kwa kampuni yake. Deni hilo lilifutwa klabu ilipouzwa. Lingedaiwa lilipwe, pale Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, pangekuwa na kilio.

Mwaka 2013 klabu za Ligi Kuu zikapitisha sheria za faida na uendelevu, ambazo mashabiki wamezoea kuziita PSR. Ndizo zilizopangiwa kutumika hadi mwisho wa msimu wa 2025/26.

Kiini chake ni pauni milioni 105. Klabu inaruhusiwa kupata hasara isiyozidi kiasi hicho kwa misimu mitatu ikijumlishwa pamoja, yaani milioni 35 kwa msimu. Lakini si zote za bure. Milioni 15 za kwanza klabu inaweza kuzipoteza yenyewe. Milioni 90 zinazobaki lazima mwenye klabu azifidie kwa fedha isiyorudi kwake, hasa kwa kununua hisa mpya. Akiikopesha klabu tu, haihesabiki. Hapo ndipo mkono wa tajiri unapoishia: pauni milioni 30 kwa mwaka, awe ana bilioni moja au mia tano. Na kiwango hicho hakijasogezwa tangu 2013, ingawa mishahara na bei za wachezaji zimepanda mara dufu na zaidi. Kwa maoni yetu, hilo ni kosa kubwa la watunga sheria: kamba iliyofungwa mti ukiwa mchanga haikulegezwa mti ulipokua.

Klabu iliyokuwa daraja la pili, yaani Championship, kwa msimu wowote kati ya hiyo mitatu hupewa milioni 13 tu kwa msimu huo badala ya 35. Shika namba hii, tutaihitaji kwa Forest.

Kuna gharama zinazotolewa kabla ya kupima: akademi ya vijana, timu ya wanawake, miradi ya jamii, na uchakavu wa majengo kama uwanja na kituo cha mazoezi. Kwa hiyo klabu inaweza kutangaza hasara ya milioni 140 na bado ikawa salama. Newcastle ilitangaza hasara ya zaidi ya pauni milioni 70 kwa msimu wa 2021/22, na nyingine ya zaidi ya milioni 70 kwa 2022/23. Hata baada ya kutoa zinazotolewa, msimu wa tatu ulibaki na nafasi finyu mno. Ndiyo sababu ya mauzo yale ya Juni 2024.

Mchezaji anavyoandikwa kitabuni

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Klabu ikimnunua mchezaji kwa pauni milioni 60 na kumpa mkataba wa miaka 5, kwenye hesabu gharama haiandikwi yote mwaka wa kwanza. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba: milioni 12 kila mwaka. Juu yake unaongeza mshahara. Akilipwa pauni 100,000 kwa wiki, kwa mwaka ni milioni 5.2. Basi mchezaji huyo anaigharimu klabu milioni 17.2 kwa mwaka, bila kuhesabu wakala wala bonasi.

Baada ya miaka miwili, milioni 24 zimeshaandikwa kuwa gharama na thamani yake kitabuni imebaki milioni 36. Ukimuuza kwa milioni 40, shabiki atasema mmepata hasara ya 20. Mhasibu ataandika faida ya milioni 4, na sheria inamsikiliza mhasibu.

Faida ya mauzo huingia yote mara moja, katika mwaka uliouza. Gharama hutawanyika kwa miaka, faida hutua siku moja. Alexander Isak alinunuliwa na Newcastle mwaka 2022 kwa takribani pauni milioni 60 kwa mkataba wa miaka 6, na Septemba 2025 akauzwa Liverpool kwa milioni 125. Kwa hesabu ya juujuu, kitabuni alikuwa amebakiwa na milioni 30 hivi. Faida yake ni kama milioni 95, zote katika msimu mmoja.

Sasa mrudie Anderson. Mchezaji aliyelelewa kwenye akademi hakununuliwa, kwa hiyo thamani yake kitabuni ni sifuri. Akiuzwa kwa milioni 35, faida ni milioni 35 kamili. Kupata faida hiyohiyo kwa mchezaji mwenye milioni 40 zilizobaki kitabuni, ungehitaji kumuuza kwa 75. Mkurugenzi wa michezo anayetafuta fedha kabla ya tarehe 30 Juni, ambayo ni siku klabu nyingi hufunga hesabu, ataanza kuwatazama vijana wa nyumbani hata kama ndio wanaopendwa kuliko wote. Everton walimuuza Anthony Gordon, Chelsea walimuuza Mason Mount na Conor Gallagher, Manchester City walimuuza Cole Palmer. Kila uhamisho ulikuwa na sababu zake, lakini kwa wahasibu wote wanne walikuwa na sura moja: faida tupu.

Na ndiyo asili ya mabadilishano yale ya Juni 2024 yaliyowashangaza watu. Wakati Anderson anakwenda Forest, kipa Odysseas Vlachodimos alikuwa anatoka Forest kwenda Newcastle kwa ada iliyotajwa kuwa karibu milioni 20. Aston Villa na Everton wakabadilishana vijana, Tim Iroegbunam na Lewis Dobbin. Villa na Chelsea wakafanya hivyo kwa Ian Maatsen na Omari Kellyman. Kila upande unaouza unaandika faida leo, na gharama ya anayeingia inagawanywa kwa miaka ijayo. Ni halali. Ila deni umelihamishia kesho, na kesho inafika haraka kwenye mpira.

Chelsea chini ya wamiliki wapya waliongeza jambo jingine: mikataba mirefu. Enzo Fernández alisajiliwa Januari 2023 kwa takribani pauni milioni 106.8, mkataba wa miaka 8 na nusu. Ukigawa, ni kama milioni 12.6 kwa mwaka. Kwa miaka 5 ingekuwa milioni 21.4. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wakaweka kikomo cha miaka 5 katika kugawa gharama kuanzia kiangazi cha mwaka huo, na Ligi Kuu ikafuata Desemba 2023, kwa mikataba mipya pekee. Klabu bado inaweza kumpa mchezaji miaka 8. Ila kwenye hesabu ada yake itagawanywa kwa mitano.

Mkataba mrefu una mtego wake. Chukua mchezaji wa milioni 80 kwa miaka 8, milioni 10 kwa mwaka. Miaka mitatu imepita, kiwango kimeshuka, soko linakupa milioni 25. Kitabuni bado ana 50. Ukimuuza unaandika hasara ya milioni 25 papo hapo. Ndiyo maana unawaona wachezaji wa bei kubwa wakizungushwa kwa mkopo msimu baada ya msimu: klabu inasubiri thamani ya kitabuni ishuke ifike ile ya sokoni.

Forest, Everton na tarehe

Nottingham Forest walipanda daraja mwaka 2022 na kusajili zaidi ya wachezaji 20 kiangazi kilekile. Kwa kipindi kilichoishia 2022/23 walikuwa na misimu miwili ya Championship na mmoja wa Ligi Kuu: 13 na 13 na 35, jumla milioni 61. Hasara yao ilifika 95.5. Wakazidisha milioni 34.5.

Dawa walikuwa nayo mkononi. Brennan Johnson, mtoto wa akademi yao, aliuzwa Tottenham kwa milioni 47.5. Faida tupu, na ingetosha kuziba pengo lote. Lakini aliuzwa tarehe 1 Septemba 2023, miezi miwili baada ya hesabu kufungwa. Forest walijitetea kwamba kusubiri kumeleta bei nzuri zaidi, na kwamba klabu yenye busara huuza kwa bei nzuri. Kama biashara, hoja ina nguvu. Tume huru haikuikubali: kipindi kimefungwa, kimefungwa. Ilianza na adhabu ya pointi 6, ikapunguza 2 kwa sababu klabu ilikiri na kutoa ushirikiano. Machi 2024 Forest wakakatwa pointi 4, na rufaa yao ikagonga mwamba.

Everton ndio waliofungua njia hiyo. Novemba 2023 walikatwa pointi 10 kwa hasara ya milioni 124.5, yaani 19.5 juu ya kikomo. Rufaa ikazishusha hadi 6. Aprili 2024 wakaongezewa 2 kwa kipindi kilichofuata. Zikawa chache kwa kuwa miaka miwili kati ya mitatu ilikuwa imeshaadhibiwa. Chanzo cha ugonjwa wao ni mchanganyiko wa kununua kwa pupa miaka ya mwanzo ya Farhad Moshiri, mmiliki wao wa wakati huo, kujenga uwanja mpya kando ya mto Mersey, na kukatika kwa mdhamini. Kampuni ya USM ya bilionea wa Urusi, Alisher Usmanov, ilikuwa nguzo ya mapato yao. Ilikuwa imelipa pauni milioni 30 kwa haki ya kwanza tu ya kuupa uwanja huo jina. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na Usmanov akawekewa vikwazo, nguzo ikaondoka.

Leicester wao waliokolewa na kalenda. Walishuka daraja Mei 2023, na mwaka wao wa hesabu ulifungwa tarehe 30 Juni, siku ambayo tayari walikuwa wameacha kuwa wanachama wa Ligi Kuu. Septemba 2024 jopo la rufaa likasema ligi haikuwa na mamlaka juu yao kwa kipindi hicho. Waliotunga kanuni hawakuliona tundu hilo mpaka mtu alipopita.

Udhamini: pesa ya kweli na pesa ya mfuko mwingine

Kama hasara ndiyo inayopimwa, njia rahisi ya kuipunguza ni kuongeza mapato. Klabu ya England huingiza fedha kwa milango mitatu: haki za matangazo ya televisheni, viingilio vya uwanjani, na biashara, ambayo moyo wake ni wadhamini.

Wadhamini wa kawaida Afrika Mashariki tunawajua. Kampuni ya kubashiri ya SportPesa, iliyoanzia Kenya, ilikaa kifuani mwa jezi ya Everton kuanzia 2017, na ndiyo iliyowaleta Dar es Salaam Julai mwaka huo kucheza na Gor Mahia, mechi ambayo Wayne Rooney alifunga na Everton wakashinda 2-1. Rwanda ilianza kulipia mkono wa jezi ya Arsenal mwaka 2018. Hawa ni watu wa nje wanaonunua tangazo.

Tatizo linakuja mdhamini anapokuwa ndugu wa mwenye klabu. Mfuko wa serikali unaomiliki timu unaweza pia kumiliki kampuni ya matamasha, ya simu, ya ndege. Kampuni hiyo ikilipa milioni 100 kwa nembo inayostahili 20, zile 80 ni fedha ya mwenye klabu iliyovaa kanzu ya mdhamini. Baada ya Newcastle kununuliwa, Ligi Kuu ilikaza kanuni mwishoni mwa 2021: mkataba wowote na mtu mwenye uhusiano na mmiliki lazima uwe wa bei halisi ya soko, na ligi ndiyo inayoupima. Mdhamini wa jezi ya Newcastle tangu 2023, Sela, anamilikiwa na mfuko uleule wa Saudi Arabia, kwa hiyo mkataba ulilazimika kupita kwenye mizani hiyo.

Manchester City walizipinga kanuni hizo mbele ya mahakama ya usuluhishi. Oktoba 2024 wakashinda sehemu ya hoja zao, na moja ilikuwa nzito: mikopo ya wanahisa isiyo na riba ilikuwa imeachwa nje ya kipimo. Tafakari: mdhamini ndugu anapimwa bei ya soko, lakini mmiliki anayekopesha bila riba, jambo ambalo benki hailifanyi, hapimwi.  Kanuni zikarekebishwa Novemba 2024, na Septemba 2025 pande mbili zikamaliza shauri hilo kwa City kukubali kwamba kanuni za sasa ni halali. Hili ni tofauti na mashtaka zaidi ya 100 ambayo City walifunguliwa Februari 2023 kuhusu taarifa zao za fedha za miaka ya nyuma, mashtaka waliyoyakana.

Chelsea walipata mlango mwingine kabisa. Waliuza hoteli mbili zilizo Stamford Bridge kwa kampuni dada, pauni milioni 76.5, kisha timu yao ya wanawake kwa kampuni mama, kama milioni 200. Mali imetoka chumba kimoja ikaingia kingine, nyumba ni ileile, lakini hesabu za 2023/24 zikaonyesha faida ya milioni 128.4. Juni 2024 klabu za Ligi Kuu zilipigia kura pendekezo la kuziba tundu hilo, na kura hazikutosha. UEFA hawaitambui faida ya aina hiyo, na Julai 2025 Chelsea wakatozwa faini ya euro milioni 31, na nyingine ya masharti ikiwa watakosea tena. Ligi moja imekubali, shirikisho limekataa: klabu inayocheza Ulaya hupimwa na mizani miwili kwa wakati mmoja.

Kuanzia 2026/27

Novemba 2025 klabu zilipiga kura, 14 kwa 6, kuiacha PSR na kuchukua kipimo kingine: uwiano wa gharama za kikosi. Badala ya kuuliza umepata hasara kiasi gani kwa miaka mitatu, kinauliza umetumia sehemu gani ya mapato ya mpira kwa wachezaji. Unajumlisha mishahara ya kikosi na kocha mkuu, sehemu ya mwaka ya ada za usajili, na malipo ya mawakala. Jumla isizidi asilimia 85 ya mapato ya mpira pamoja na faida ya kuuza wachezaji. Kuna akiba ya asilimia 30 ya kuchovya kwa miaka kadhaa, lakini unailipia tozo. Ukivuka hata hiyo, unakatwa pointi 6, na nyingine 1 kwa kila pauni milioni 6.5 ulizozidisha.

Uzuri wake ni kwamba hoteli haiingii humo, kwa kuwa si mapato ya mpira. Na kujenga uwanja hakukuadhibu.

Lakini chukua namba halisi. Mapato ya Newcastle kwa 2023/24 yalikuwa pauni milioni 320.3, asilimia 85 ni takribani milioni 272. Manchester United mwaka huohuo walikuwa na milioni 661.8; asilimia 85 ni kama milioni 562. Pengo ni milioni 290 kila mwaka, na hakuna tajiri wa Newcastle anayeruhusiwa kulijaza kwa hundi. Na ukifuzu Ulaya, UEFA wanakuwekea asilimia 70: kwa Newcastle, milioni 224. Yaani klabu inayopanda mpaka Ligi ya Mabingwa inajikuta imebanwa zaidi msimu huohuo inapohitaji kikosi kipana. Pendekezo la kuwawekea wakubwa dari, kwa kupima matumizi yao dhidi ya mapato ya televisheni ya klabu ya mkiani, lilikataliwa siku hiyohiyo.

Mwenye fedha, basi, amebakiwa na njia ya polepole: kupanua uwanja ili kuuza tiketi zaidi, kujenga kituo cha mazoezi, kutafuta wadhamini wa kweli Asia na Marekani, na kununua vijana kabla bei haijapanda. Inachukua miaka 10, si madirisha mawili.

Na faida tupu ya mtoto wa akademi imebaki kama ilivyokuwa. Kipimo kipya bado kinahesabu faida ya kuuza wachezaji, na aliyelelewa nyumbani bado thamani yake kitabuni ni sifuri. Kwetu hili ndilo linalouma kuliko yote, kwa sababu lingerekebishika kwa kuipunguzia uzito faida ya kijana aliyekulia klabuni. Septemba 2025 Elliot Anderson alivaa jezi ya timu ya taifa ya England kwa mara ya kwanza, akiwa mchezaji wa Nottingham Forest.